Muulize Bi Mshauri: "Mgogoro wa kawaida wa nyumbani"

Bi Mshauri alikuwa afisa wa ustawi wa jamii katika miji ya Pwani ya Kenya mpaka alipostaafu. Sasa yuko kwao, Malindi. Barua za wasomaji zimefupishwa.

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya kazi za jamii, na niko mafunzoni katika ofisi moja hapa Malindi. Chuoni tulisomeshwa nadharia ya ufeministi, ile inayotetea usawa wa wanawake na wanaume, nikaipenda sana. Nilipoitaja ofisini, msimamizi wangu alicheka. Alisema hayo ni mambo ya Wazungu na nikiyaleta hapa nitavunja nyumba za watu.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Ganda. Mumewe hampi pesa za matumizi, simu yake huikagua kila jioni, na safari hii alikuwa na alama mkononi. Msimamizi akaandika: "Mgogoro wa kawaida wa nyumbani. Mama ashauriwe awe na subira na lugha nzuri. Warudi kwa wazee." Mimi nilinyamaza. Nilihisi kuna jambo haliko sawa, lakini sikujua ile nadharia ningeifanyia nini pale. Tena mimi ni Mwislamu, sitaki kusimama kinyume cha dini yangu.

Mwanafunzi, Barani

JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na yale maneno ya faili. Wewe unadhani unayo nadharia na msimamizi wako hana. Anayo, tena imekomaa. "Mgogoro wa kawaida" ni nadharia: inasema mke kupigwa ni kama mvua ya masika, huja na kupita, hakuna wa kuulizwa. "Subira na lugha nzuri" nayo ni nadharia: inasema chanzo cha yote ni ulimi wa mke. Hakuzisoma darasani, alizikuta barazani, na hajawahi kutakiwa kuzitetea. Ufeministi katika kazi yetu huanzia hapo, kwa kumtaka mtu atetee alichokiandika.

Na wewe nikuulize. Umeniandikia kwamba mama "alikuwa na alama mkononi." Nani aliiweka? Barua yako haisemi. Ukiandika "mume alimshika mkono kwa nguvu usiku wa Jumapili, ikabaki alama," faili linabadilika. Hakimu akilifungua mwakani atajua nani alifanya nini na lini. Ukiandika "alama mkononi," huenda aliungua na kikaango.

Sasa hiyo nadharia. Mwaka 1969 mwanamke wa Kimarekani, Carol Hanisch, aliandika waraka kuwatetea wanawake waliokuwa wakikutana vikundi vikundi kusimuliana ya majumbani mwao. Wanaharakati wenzao waliwabeza kwamba hiyo ni tiba ya nafsi, siyo siasa. Hanisch alijibu kwamba yale ya ndani ndiyo siasa yenyewe: wanawake wakisikilizana hugundua kwamba jambo ambalo kila mmoja alidhani ni kasoro yake, wenzake wanalo pia. Basi fungua rejista ya ofisi yenu. Hesabu kina mama waliokuja mwaka huu kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Soma ushauri walioandikiwa. Ukikuta wote wameambiwa wapunguze ulimi, itakuwa ajabu ya Mungu kwamba tarafa nzima ina wanawake wenye ulimi na wanaume wote wana pesa mfukoni zinazosubiri lugha nzuri.

Kuhusu simu na matumizi, kuna chombo ambacho bila shaka ulionyeshwa chuoni. Mnamo 1984, katika mji wa Duluth, Minnesota, Ellen Pence na wenzake kwenye mradi wa kuzuia dhuluma za nyumbani walichora gurudumu. Waliwauliza wanawake waliopigwa maisha yalivyokuwa, wakachora walichoambiwa. Katikati kuna mamlaka na udhibiti. Vijiti vyake ni vitisho, kumtenga mtu na watu wake, kumnyima pesa, kuwatumia watoto, kumdunisha, kukana yaliyotendeka. Kipigo kiko ukingoni, kinavizunguka na kuvishikilia vyote. Ukimtazama mama wa Ganda kwa gurudumu hilo huoni tena malalamiko matatu yaliyokutana kwa bahati mbaya. Simu inayokaguliwa kila jioni, pesa zinazozuiwa, pamoja na ile alama ya mkononi, ni jambo moja.

Lakini usilibebe gurudumu la Minnesota kama lilivyo ukalitundika ukutani Malindi. Halina mama mkwe! Halina wifi anayepeleka habari, wala shemeji anayekaa na ufunguo wa duka. Sheria yetu ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inao: wakwe kuingilia mambo ya ndoa kumo katika orodha ya dhuluma, pamoja na dhuluma ya kiuchumi, ya kihisia, na ya ngono ndani ya ndoa. Hapo wabunge wetu waliwajua watu wao kuliko mtaalamu yeyote wa Marekani. Kwa sheria hiyo mama anaweza kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Na ile alama ionwe na daktari, ijazwe kwenye P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, kabla haijafifia. Kama kuna kulazimishwa kingono, dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu, kwa hiyo hilo huulizwa siku ile ile, kwa upole, mkiwa wawili peke yenu.

Kuna swali jingine ambalo wasimamizi wengi hawaliulizi, nami nalipenda kuliko yote. Mwambie mama akusimulie siku yake, tangu adhana ya alfajiri mpaka taa kuzimwa. Andika. Ataanza kwa kusema hana kazi, "niko nyumbani tu." Kisha utasikia maji, kuni, mahamri ya kuuza kabla watoto hawajaenda shule, shamba la mihogo, baba mkwe mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Wanaufeministi wamepiga kelele miaka mingi kwamba hiyo ni kazi, na kelele hizo zimeingia sheriani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango katika mali. Hata hivyo Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa haumpi mtu nusu ya mali papo kwa papo, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Ataonyesha kwa nini, ikiwa afisa wa kwanza aliyemsikiliza aliandika "mama wa nyumbani, hana kazi"?

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 3, inamruhusu Mwislamu aongozwe na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Kwa hiyo muulize dini na aina ya ndoa, usikisie kwa buibui au leso aliyojifunga. Ganda ina Wagiriama Wakristo, Wagiriama Waislamu, na wasiofuata dini yoyote kati ya hizo mbili.

Na dini yako usiiogopee kitu ambacho yenyewe haikiogopi. Matumizi ya mke ni wajibu wa mume kwa sheria ya Kiislamu, na mali ya mke ni yake. Mke asiyetunzwa ana dai mbele ya kadhi, na mahakama ya kadhi tunayo hapa Malindi, iliyowekwa na kifungu cha 170 cha Katiba. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Susan Hirsch, alikaa miaka ya 1980 akisikiliza kesi katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa, akachapisha kitabu mwaka 1998. Alikuta wengi wanaofungua kesi ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Hao ndio wanaoambiwa kila siku kwamba sifa ya mke ni kustahimili kimya, na pale mahakamani walikuwa wakisema, tena kwa mpango, mbele ya waume zao. Msimamizi wako akikuambia tena kwamba nadharia hii ni ya Wazungu, mjulishe kwamba Mzungu huyo alikuja kujifunza kwa mama zetu.

Wazee sina ugomvi nao. Mpaka wa shamba watakumalizia kabla chai haijapoa. Ila suluhu inataka watu wawili wanaoweza kusema bila kuogopa watakachofanyiwa njiani wakirudi. Mke aliyepigwa akikalishwa mkekani mbele ya aliyempiga atasema yale yatakayomfikisha nyumbani salama, basi. Halafu faini ikitozwa, mara nyingi humfikia baba au kaka wa mke. Mke mwenyewe hupanda pikipiki ile ile na mume yule yule.

Tuje kwenye chumba. Ofisi nilizozijua mimi zina meza moja pana, afisa nyuma yake, na benchi la wanaosubiri pale mlangoni linalosikia kila neno. Hiyo meza nayo ni mamlaka. Ivute ukutani, ukae ubavuni mwake, benchi lisogezwe nje chini ya mwarobaini. Hakuna anayehitaji bajeti ya kuhamisha benchi. Na kwa kuwa umeambiwa simu hukaguliwa, usimpigie, usimwandikie ujumbe, usimpe karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Mkubaliane siku ambayo kutoka kwake hakuulizwi, siku ya kliniki ya mtoto au ya soko. Mume asiitwe ofisini kabla mama hajakubali, maana wito wa serikali ukifika nyumbani kwake asubuhi, jioni anayeulizwa ni nani?

Sasa nikukanye wewe, maana wanafunzi wenye moto nawajua. Usimwambie amwache. Wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa, na yeye anajua hasira za yule mtu kuliko wewe na mimi. Kazi yako ni kumpangia njia: pesa kidogo ziko kwa nani, kitambulisho na vyeti vya watoto viko wapi, jirani gani atafungua mlango usiku, namba 1195 ya msaada wa dhuluma ameishika kichwani? Akiamua kurudi, arudi na mlango wako ukiwa wazi. Ukimwamulia, umemtoa chini ya mkono mmoja ukamweka chini ya mwingine, na mkono wako una muhuri wa serikali.

Kabla hajaondoka msomee ulichoandika, kwa lugha anayoielewa vizuri, Kigiriama kikihitajika. Aseme, "hapo sikusema hivyo," nawe ukate kalamu mbele yake. Maafisa wengi hawataki jambo hili. Wanasema linachosha. Mimi naona linawachosha kwa kuwa faili huacha kuwa lao peke yao.

Kwa msimamizi, neno ufeministi usilitaje tena. Mpelekee hesabu ya rejista na nakala ya sheria ya 2015, umuulize kwa adabu ofisi itajibu nini mama huyu akirudi akiwa kwenye machela. Yeye ndiye aliyetia sahihi.

SWALI

Asalaam aleikum Bi Mshauri. Mimi ni mwanamume, mshauri nasaha, nafanya kazi na waraibu wa dawa za kulevya hapa mjini. Nimealikwa kwenye semina ya ufeministi katika utoaji huduma, na naona kama naitwa nikashtakiwe. Karibu wateja wangu wote ni wanaume. Wanawake hawaji, ingawa mlango wetu uko wazi kwa wote. Tufanye nini zaidi ya hapo?

Mshauri, Maweni

JIBU

Waaleikum salaam kaka. Nenda semina. Ukishtakiwa, niandikie.

Huo mlango wazi uutazame kwa miguu ya mwanamke mmoja. Methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Sema yeye anakaa Mambrui, ana mtoto anayenyonya. Kila asubuhi atafute nauli ya kuja mjini na kurudi, apite foleni ya wanaume ambao baadhi yao walikuwa wateja wake usiku, na mtoto mgongoni anashuhudiwa na nusu ya mtaa. Mwanamume mraibu watu humwita mgonjwa, au mjinga. Mwanamke mraibu huitwa mama mbaya, na anahofu kweli kwamba akionekana hapo mtoto atachukuliwa. Akienda kliniki ya wajawazito, huko nako wauguzi humnusa. Huduma ya waraibu ilijengwa ikimfikiria mwanamume, na huduma ya akina mama ilijengwa ikimfikiria mama mwenye stara. Yeye hayuko katika picha zote mbili.

Hili lina historia yake. Katika miaka ya 1970 wanawake weusi waliishtaki kampuni ya General Motors huko Marekani. Mahakama ikaona kwamba kampuni iliajiri wanawake, nao walikuwa weupe, maofisini, na iliajiri weusi, nao walikuwa wanaume, viwandani. Ikakataa kuwasikiliza wakiwa wanawake na weusi kwa pamoja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuanguka katikati ya haki mbili zilizoandikwa vizuri. Soma hivyo rejista yako: waraibu wapo, akina mama wapo, na yule wa Mambrui hayupo popote.

La kufanya unaweza kulianza bila semina. Saa zao peke yao, hata mara chache kwa wiki kwa ushauri. Mkeka na mtu wa kushika watoto. Mwanamke aliyepona aajiriwe awatafute wenzake, alipwe. Mkubaliane na afisa wa watoto, kwa maandishi, kwamba mama kuja kutibiwa hakutatumiwa peke yake kuwa sababu ya kumnyang'anya mtoto. Hilo la mwisho litakupa kazi kuliko mengine yote, na ndilo litakalosemwa mitaani.

Na wanaume ulio nao? Waulize ni wangapi waliwahi kulia mbele ya mtu kabla ya kuingia kwenye unga. Vijana wetu wa pwani wamelelewa kwamba mwanamume ni pesa, na utalii ukilala, na wao huona wamekwisha. Nadharia hiyo hiyo unayoiogopa ndiyo inayoeleza hilo. Nimewaona washauri wanaume wakiitumia vizuri kuliko sisi, kwa sababu mwanamume mwenzake akimwambia kulia si aibu, anaamini.

SWALI

Bi Mshauri, hujambo dada. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Msabaha. Shirika fulani limetuomba tuwajazie madodoso nyumba kwa nyumba kuhusu "uwezeshaji wa wanawake." Tumeitwa mashujaa, tukapewa fulana. Malipo hakuna, wanasema ni kujitolea. Hao wenye kuyachambua wanalipwa. Hiyo nadharia yenu ina neno hapa?

Mchovu, Msabaha

JIBU

Sijambo dadangu, na pole na jua.

Ina neno, na lilitoka kwa Waitaliano, ingawa si hawa wenye majumba hapa Malindi, kule Casuarina. Mwaka 1972 huko Padua wanawake wakiwemo Mariarosa Dalla Costa, Selma James na Silvia Federici walianzisha harakati ya kudai kazi za nyumbani zilipwe. Hoja yao ni kwamba kazi ya kutunza watu huitwa upendo ili isilipwe. "Shujaa" limetumika kwako vivyo hivyo. Wahudumu wa afya ya jamii wa nchi hii walitembea miaka mingi kwa makofi, mpaka serikali ilipozindua mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000 mwaka 2023 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo, lakini ipo, na ipo kwa sababu watu waliacha kutosheka na makofi.

Kutaneni wote mnaoombwa, asiende mmoja mmoja. Ombeni kuona bajeti ya utafiti huo: mtakuta dereva yumo, mafuta yamo, chai ya mkutano imo. Semeni dodoso moja linachukua muda gani, pamoja na kumngoja mama atoke kisimani, mtaje bei na nauli kabla ya kujaza la kwanza. Wakisema fedha zimekwisha pangwa, nanyi semeni siku zenu zimekwisha pangwa.

Fulana msirudishe.